Draiva ya Gofu "Inayosamehe": Acheni Kununua Namba Msiyoielewa



Niondoe utata kwanza. Humu ndani tumezoea kwamba draiva ni ile programu ndogo inayofanya tarakilishi ielewane na printa (na ambayo hupotea siku ile ile unapotaka kuchapisha CV). Leo siongelei hiyo. Wala simwongelei dereva wa matatu ya kwenda Nakuru. Leo ni draiva ya gofu: kijiti kirefu kuliko vyote mkobani, chenye kichwa kinene kama embe dodo, ambacho mchezaji hukitoa anapotaka kuupeleka mpira mbali kwenye pigo la kwanza la shimo.

Najua kuna atakayeguna: "Gofu? Huyu amepata pesa wapi?" Vuta subira. Ninachokilalamikia leo ni kile kile ninachokilalamikia humu kila mara: mtu kuuziwa namba asiyoielewa, halafu akaondoka dukani akidhani amenunua ujuzi.

Hoja yangu niiseme mapema, ili asiye na muda aende zake. Mchezaji wa kawaida hahitaji draiva ya mwaka huu ili "asamehewe" makosa yake. Anahitaji draiva ya miaka mitano au sita iliyopita, ya mtumba, yenye uso uliolala nyuma vya kutosha na mpini usio mrefu kupita kiasi. Pesa inayobaki ampelekee mwalimu. Na kwa sisi tunaocheza Eldoret kosa hili linauma zaidi, kwa sababu hewa yetu si hewa ya kwenye tangazo.

Nilivyoingia mkenge

Miaka miwili iliyopita nilimaliza kazi ya mkataba, mfumo wa kuhesabu maziwa ya chama kimoja cha ushirika. Nilipolipwa, badala ya kununua laptopu mpya kama mtu mwenye akili timamu, nilipanda basi hadi Nairobi nikanunua draiva. Duka sitalitaja. Muuzaji alikuwa kijana wa rika langu, mwenye maneno matamu kama asali ya Baringo. "Bro, hii inasamehe sana. Hata ukikosea, inanyooka tu." Nikatoa Sh85,000. Kodi yangu ya nyumba wakati huo ilikuwa Sh14,000 kwa mwezi. Pigeni hesabu wenyewe, mimi bado inaniuma.

Kijiti kilikuwa cha digrii 9, na mwisho wa jina lake kulikuwa na herufi LS. Sikuuliza maana yake. Mimi, ambaye kazi yangu ni kusoma maelezo ya maktaba za programu mpaka mstari wa mwisho, sikuuliza!

Jumamosi ya kwanza nilicheza mashimo tisa nikapoteza mipira sita, yote kwenye miti ya upande wa kulia. Kedi wangu, mzee ambaye amebeba mikoba ya watu tangu kabla sijazaliwa, hakusema neno mpaka shimo la saba. Ndipo akauliza, "Injinia, hii fimbo ulinunua pesa ngapi?"

Nikamwambia. Akanyamaza kidogo. Kisha: "Haina makosa, kijana. Inapeleka mpira pale umeiambia."

Jamani! Nilihisi kama ninaambiwa na kompaila. Miaka minne ya chuo nimefundishwa kwamba mashine hufanya ulichoiambia, si ulichokusudia, halafu ninakuja kukumbushwa na mzee wa watu katikati ya nyasi ndefu tukitafuta mpira.

Shimo la nane akanipa draiva yake mwenyewe, Ping G400 Max, toleo la 2018, ambayo aliachiwa na mchezaji aliyehama mji. Ilikuwa ya digrii 10.5, na alikuwa ameigeuza kwenye shingo ili iongezeke digrii moja. "Shika chini kidogo," akasema, "na usipige kama unaua nyoka." Nikapiga. Mpira haukwenda mbali ajabu, wala malaika hawakuimba. Ulipanda, ukapinda kulia kidogo, ukatua kwenye nyasi fupi. Shimo la tisa, vile vile.

Nilirudi nyumbani nikafanya kile ambacho ningefanya kabla ya kulipa. Nikasoma.

"Kusamehe" maana yake nini hasa?

Neno hili kwenye matangazo ya gofu lina maana moja ya kifizikia, na ni maana nyembamba. Ukigonga mpira katikati ya uso wa kijiti, kichwa hakipindi. Ukiugonga pembeni, upande wa kidole au upande wa kisigino (ndivyo pande mbili za kichwa zinavyoitwa), kichwa hujizungusha mkononi, mpira hupoteza kasi na huenda kando. Kiasi ambacho kichwa kinakataa kujizungusha ndicho wanafizikia huita momenti ya inesha. Kadiri uzito unavyosukumwa mbali na kitovu, ndivyo kichwa kinavyokuwa kigumu kuzungushwa. Mfano rahisi ni mama anayebeba ndoo mbili za maji, moja kila mkono. Mgeuze ghafla uone. Kisha mgeuze akiwa amekumbatia ndoo hizo kifuani. Uzito ni ule ule, ugumu tofauti kabisa.

Hapa kampuni za vijiti zilifanya kazi ya kweli na tuwape heshima yao. Zamani kichwa cha draiva kilichongwa kwa mti, na kilikuwa kidogo. Mwaka 1991 Callaway wakaleta Big Bertha ya chuma, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 190, na watu wakaona ni kubwa kupita kiasi. Kisha ikaja titani, chuma chepesi, na vichwa vikafura hadi wakubwa wa sheria za mchezo, USGA ya Marekani na R&A ya Scotland, wakapiga breki. Tangu 2004 kichwa hakiruhusiwi kuzidi sentimita za ujazo 460. Wakaweka pia mpaka wa jinsi uso unavyoweza kudunda kama springi: muda wa mguso kwenye kipimo chao cha mdundo usizidi mikrosekunde 239, na ruhusa ya makosa ya kipimo ya 18 juu yake. Hatimaye wakawekea mpaka hata ule ugumu wa kuzungushwa: gramu-sentimita mraba 5,900, na ruhusa ya 100.

Someni tena mipaka hiyo mitatu. Ukubwa, mdundo na ugumu wa kuzungushwa, yote ilifungwa katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2007 Nike walileta draiva ya kichwa cha mraba, Sumo² (watu walicheka ule mlio wake, kama mtu anagonga sufuria), na ugumu wake wa kuzungushwa ulikuwa tayari umepita 5,000. Yaani karibu miaka ishirini iliyopita tulikuwa tayari tumelikaribia dari. Tangu hapo watu wanagombania sentimita za mwisho chini ya bati.

Hadithi ya elfu kumi

Sasa mtauliza, kama dari ni 5,900, hizi draiva zinazotangazwa kuwa na "10K", yaani elfu kumi, zimetoka wapi? Mwaka 2024 Ping walitoa G430 Max 10K na TaylorMade wakatoa Qi10 Max, zote zikijivunia kupita 10,000. Wamevunja sheria?

Hawajavunja. Wamejumlisha. Kichwa kinaweza kujizungusha kwa njia zaidi ya moja: kushoto na kulia (ukigonga kidoleni au kisiginoni), na juu na chini (ukigonga juu au chini ya uso). Dari la 5,900 linahusu ile ya kushoto na kulia. Kampuni zikachukua namba ya kwanza, zikaongeza ya pili, zikapata elfu kumi.

Ndugu zangu wa teknolojia, hii mnaijua! Ni sawa na muuzaji wa tarakilishi ajumlishe giga 8 za RAM na giga 512 za diski, akuambie mashine yako ina "giga 520 za nguvu". Hajadanganya hata tarakimu moja. Lakini umeelewa nini? Wale wa zamani mtakumbuka vita vya megahertzi. Intel waliipandisha Pentium 4 hadi gigahertzi 3.8 mwaka 2004, kila mtu akawa anauliza "ina gigahertzi ngapi?", kisha 2006 ikaja Core 2 Duo yenye gigahertzi chache zaidi ikaiacha mbali. Namba moja kubwa ni tamu mdomoni, lakini haiwezi kubeba ukweli wote.

Na hili ndilo lililoniudhi. Ile Ping G400 Max ya kedi wangu, ya 2018, ilitangazwa na Ping wenyewe kuwa na jumla iliyopita 9,900. Kutoka 9,900 hadi 10,000 ni asilimia moja. Miaka sita, asilimia moja! Hata tuseme draiva ya zamani ina 5,600 upande wa kushoto na kulia na mpya imefika 5,900 kamili. Kichwa kipya kitajizungusha pungufu kwa takriban asilimia 5. Kama cha zamani kingekupotezea yadi 20 pembeni kwa sababu ya kujizungusha, kipya kitakupotezea 19. Je, yadi moja hiyo ni kodi ya miezi sita?

Tazameni pia kasi ya matoleo. TaylorMade: SIM mwaka 2020, SIM2 mwaka 2021, Stealth mwaka 2022, Stealth 2 mwaka 2023, Qi10 mwaka 2024, Qi35 mwaka 2025. Kila mwaka toleo jipya, kila mwaka "mapinduzi", na mipaka ya sheria iko pale pale. Sisi tukitoa programu yenye orodha ya mabadiliko nyembamba namna hiyo tunaiita marekebisho madogo, tunabadilisha tarakimu ya tatu, tunaenda kunywa chai. Wao wanabadilisha jina na rangi na kudai dola 599, ambayo ndiyo bei Qi10 iliyotoka nayo Marekani. Hizo ni kama Sh77,000 kabla ya nauli na ushuru.

Kosa lisilosamehewa

Hapa ndipo penye nusu ya ukweli ambayo muuzaji hakuniambia.

Ugumu wa kuzungushwa unasaidia kosa la *mahali* ulipogonga. Hausaidii kosa la *uelekeo* wa uso. Kama wakati wa kugonga mpira uso wa kijiti ulikuwa umefunguka kulia, basi hata ukigonga katikati kabisa, kwa kichwa kigumu kuliko vyote duniani, mpira utaanza safari ukielekea kulia. Vipimo vya rada vimeonyesha kwamba kwa draiva zaidi ya asilimia 80 ya uelekeo wa mwanzo wa mpira inatokana na mahali uso ulikotazama. Na kama uso umefunguka kuliko njia ambayo kijiti kinapita, mpira hupata mzunguko wa kuupindisha kulia zaidi. (Kwa wanaotumia mkono wa kushoto, geuzeni kila kitu.)

Tufanye hesabu ndogo. Kosa la digrii moja, kwa mpira unaoruka yadi 200, ni yadi tatu na nusu kando. Digrii nne ni yadi 14. Hapo bado hujaongeza kupinda, ambako kwa mchezaji wa kawaida kunaweza kuongeza maradufu. Linganisha na ile yadi moja tuliyoinunua kwa kodi ya miezi sita.

Katika programu tunakamata makosa ili mfumo usianguke. Mtumiaji akiandika herufi mahali pa namba, tunamwonyesha ujumbe wa upole, maisha yanaendelea. Lakini hakuna ukamataji wa makosa utakaorekebisha kanuni uliyoiandika vibaya. Ukiandika kutoa mahali pa kujumlisha, mfumo utaendelea kutembea vizuri sana ukitoa majibu ya uongo. Draiva yenye ugumu mkubwa ni hivyo hivyo. Inakamata kosa la kugonga pembeni. Kosa la kufungua uso ni kanuni yako mwenyewe, na dawa yake ni mwalimu, au kedi mwenye macho, au saa nyingi kwenye uwanja wa mazoezi.

Hewa yetu si ya tangazo

Sasa tuje nyumbani. Eldoret iko karibu mita 2,100 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu moja ya tano. Wanariadha wanaijua hewa hii kwa mapafu. Mpira wa gofu unaijua kwa vishimo vyake.

Hewa nyepesi inafanya mambo matatu. La kwanza ni zuri: inaupinga mpira kidogo, kwa hiyo mpira huenda mbali zaidi. Kanuni ya kidole gumba ya wachezaji inatoa kama asilimia 8 kwa urefu wa hapa. Yadi 200 za Nyali ni kama 216 za Eldoret, bila kununua chochote. La pili ni zuri pia: hewa hiyo hiyo ndiyo inayoupindisha mpira unaozunguka, kwa hiyo pigo lile lile linapinda kidogo kidogo hapa kuliko Mombasa. Mnaona? Mlima wenyewe unasamehe, na hautozi ada.

La tatu ndilo lililonimaliza. Hewa ndiyo pia inayoubeba mpira juu. Mpira wa gofu unaozunguka kinyumenyume hupata mnyanyuo kutoka kwenye hewa, kama bawa la ndege. Hewa ikiwa nyepesi, mnyanyuo unapungua. Mpira uliopigwa chini, wenye mzunguko mdogo, hauna cha kuushika na unaanguka mapema.

Herufi LS nilizozipuuza dukani zina maana ya mzunguko mdogo. Vijiti hivyo vimetengenezwa kwa mtu ambaye nguvu zake zinauzungusha mpira kupita kiasi. Wachezaji wa PGA huko Marekani huzungusha kichwa cha draiva kwa kasi ya kama maili 115 kwa saa. Mwanamume wa kawaida anayecheza kwa burudani ni kama maili 93. Mimi nilikuwa nimejinunulia dawa ya ugonjwa nisiokuwa nao, tena katika mji ambako hewa yenyewe tayari imenipunguzia mnyanyuo. Digrii 9 juu ya hayo. Ongezeni mvua zetu za Aprili hadi Agosti, ambapo ardhi ni laini na mpira ukianguka unakaa pale pale bila kuviringika. Pigo la chini Eldoret msimu wa mvua ni pesa umeitupa matopeni.

Digrii kubwa zina faida nyingine isiyosemwa sana: uso uliolala nyuma zaidi huupa mpira mzunguko mwingi wa kinyumenyume ukilinganisha na ule wa pembeni, kwa hiyo kosa lile lile la mkono linapinda kidogo zaidi. Hii ndiyo "kusamehe" ya bei rahisi kuliko zote, na haimo kwenye jina la kijiti chochote. Ni tarakimu iliyoandikwa chini ya kichwa, ambayo wanaume wengi wanaionea aibu. Nimeshasikia mtu akisema digrii 12 ni za wazee na akina mama. Sawa. Wazee na akina mama ninaocheza nao wako kwenye nyasi fupi. Sisi tuko msituni na digrii zetu 9.

Mtanijibu hivi

*"Lakini nyuso mpya zimebuniwa kwa akili bandia!"* Kweli. Callaway walianza kutangaza hivyo na Epic Flash mwaka 2019. Nakubali kwamba nyuso za siku hizi hupoteza kasi kidogo zaidi ukigonga pembeni. Lakini mdundo wa katikati una dari la sheria tangu 2004. Kinachoongezwa ni pembeni tu, kidogo kidogo, na draiva ya 2019 au 2020 tayari inacho.

*"Mtu apimwe kwa mashine, apate kijiti kinachomfaa."* Nakubaliana mia kwa mia. Lakini tazama unapopimwa na nani. Ukipimwa na mtu anayelipwa kwa kuuza draiva mpya, jibu la mashine litakuwa draiva mpya. Na ukipimiwa Mombasa ukacheze Eldoret, waambie hilo kabla hawajaanza.

*"Pesa ni zangu."* Ni zako. Kama unazo na kijiti kipya kinakupa furaha, nunua, cheza, upate raha. Sina ugomvi na furaha ya mtu. Ugomvi wangu ni na sentensi "hata ukikosea, inanyooka tu."

Basi nunua nini?

1. Draiva ya mtumba ya miaka mitano hadi minane, kutoka familia inayojulikana kwa vichwa vigumu kuzungushwa. Ping G400 Max au G425 Max ni mifano mizuri. Kampuni nyingine nazo zina matoleo ya "Max". Kimbia herufi LS na LST.

2. Lofti isiyopungua digrii 10.5. Kama unacheza hapa juu milimani na hupigi kwa nguvu za ajabu, 12 si aibu. Shingo ikiwa ya kugeuzwa, ongeza lofti. Kufanya hivyo hugeuza pia uso kidogo kushoto, jambo ambalo sisi wa kupinda kulia tunalihitaji.

3. Kama ugonjwa wako ni kupinda kulia tu, kila siku, kila shimo, tafuta toleo lenye uzito kisiginoni. Ping huliita SFT. Hilo linagusa kosa la uelekeo, angalau kidogo.

4. Usipumbazwe na mpini mrefu. Draiva nyingi za dukani ni za inchi 45.5 hadi 46. Sheria inaruhusu hadi 48, ingawa tangu Januari 2022 mashindano ya kulipwa yanaweza kuweka kikomo cha 46. Kijiti kirefu ni kigumu kukirudisha katikati ya mpira. Shika inchi moja chini kwenye mpira wa mpini. Hiyo ni bure.

5. Angalia bandia. Vijiti vya kughushi ni vingi. Beba sumaku ndogo: titani hainaswi na sumaku. Ikinata usoni, rudisha kijiti kwa upole, aga, ondoka. Kagua pia namba ya utambulisho shingoni.

6. Jaribu kabla ya kulipa. Mipira ishirini, si miwili. Usihesabu ule uliokwenda mbali kuliko yote, angalia ile mitano mibaya kuliko yote imetua wapi. Huo ndio mtihani wa kusamehe. (Sisi hatupimi mfumo kwa siku uliyokuwa na watumiaji watatu, sivyo?)

7. Pesa iliyobaki, masomo. Na umlipe kedi wako vizuri.

Kwa nini nimekasirika kiasi hiki

Si kwa sababu ya Sh85,000 zangu peke yake, ingawa nazo zimo.

Katika uwanja wowote wa gofu nchini, kutoka Nandi Hills hadi Kisumu hadi Nairobi, watu wanaousoma mchezo huu vizuri kuliko wengi ni wale wanaobeba mikoba. Wengi walijifunza kwa kijiti kimoja cha kuazima. Hawajawahi kumiliki toleo la mwaka wowote. Kama kijiti kipya kingekuwa ndicho mchezo, hawa wangekuwa wa mwisho. Sivyo ilivyo, na kila mwanachama anayewahi kucheza nao kwa soda anajua.

Lakini kijana wa Langas au Huruma akipita kwenye uzio akauliza mchezo huu unaanzaje, jibu analopewa ni bei. "Draiva peke yake ni elfu themanini." Kijana anaondoka. Hilo ndilo linaloniuma. Ile namba ya elfu kumi haimdanganyi mnunuzi peke yake. Inamfungia lango asiyenunua. Inamwambia kwamba kuna kitu cha lazima ambacho hawezi kukipata, ilhali kitu hicho cha lazima hakipo. Mzee wangu wa kedi anapiga nyasi fupi kwa kijiti cha 2018 alichopewa bure.

Mimi niliuza ile LS mwezi uliofuata, kwa hasara ambayo sitaitaja hapa kwa sababu mama yangu husoma blogu hii. Nilimuuzia mtu anayepiga kwa nguvu kweli kweli, na inamfaa. Nikapata Max ya mtumba ya digrii 12, na bado kikabaki cha kumlipa mwalimu masomo sita. Somo la kwanza hakugusa kijiti changu kabisa. Alinitazama nikipiga mipira kumi, kisha akasema neno moja: "Mshiko." Vidole vyangu vya kushoto vilikuwa vimekaa vibaya, uso ukawa unafunguka kila mara. Mdudu mmoja, mstari wa kwanza wa programu.

Bado ninapinda kulia nikichoka. Mkinitafuta Jumamosi, niko upande ule wa miti. Lakini siku hizi natafuta mpira mmoja, si sita.

Haya, leteni matusi na masahihisho yenu. Anayedhani namba zangu zina kosa aonyeshe hesabu yake, nami nitairekebisha na kumshukuru hadharani.